Windows, Mac au Linux: jinsi ya kuchagua mashine inayokufaa kabla hujatoa hela

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kunitumia meseji ya "nataka laptopu, nichukue Mac au Windows?" na ukimuuliza unaenda kuifanyia nini anakujibu "aah mambo yangu tu". Sasa mambo yako tu ndio yapi? Nimeona niandike mara moja hapa, mtu akiniuliza namtumia hii akasome mwenyewe kisha arudi na swali lililonyooka.

Niseme mapema nina upande gani ili usije ukaniambia nimeficha. Nyumbani natumia ThinkPad (laptopu ya Lenovo) ya mtumba yenye Linux Mint, moja ya mifumo ya bure ya Linux, kazini nimewekewa Windows 11, na dada yangu ana MacBook Air ya M1 (chipu ya Apple wenyewe) ambayo nikienda kwake huwa naing'ang'ania mimi. Mapenzi yangu yako kwenye ThinkPad. Pamoja na hivyo wengi wanaoniuliza nawaambia wachukue Windows, na wala sioni aibu, maana kitu ninachokipenda mimi na kitu kitakachokutoa wewe kwenye shida saa nne usiku kesho unawasilisha ni vitu viwili tofauti.

Anza na programu

Chukua karatasi uandike programu ambazo bila hizo kazi haiendi. Usiandike zile unazotamani kujifunza siku moja, andika unazotumia sasa au utakazolazimishwa na chuo, bosi au mteja. Ukimaliza angalia kila moja inakaa kwenye mfumo gani, na mara nyingi karatasi yenyewe itakua imeshakujibu kabla hujafika dukani.

Mhasibu ambaye ofisi yake inatumia Tally hana mjadala, Tally ni ya Windows, funga kazi. QuickBooks ile ya onlaini inafunguka popote penye brauza lakini ile ya kuinstoli wengi wanayoijua hapa ni ya Windows. Excel ipo Mac na ni nzuri tu kwa hesabu za kawaida, shida inakuja kwenye mafaili yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, hasa yale yenye vitufe vya ActiveX, kwenye Mac unabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea, na Power Pivot, ile ya kuchambua data nyingi, kwenye Mac hamna kabisa. Wenzetu Kenya wanaojaza ritani za KRA (mamlaka yao ya mapato) kwa ile fomu ya Excel yenye makro wanajua ninachosema, hapo unataka Excel yenyewe kwenye Windows, usibahatishe na programu nyingine usiku wa tarehe 30 Juni.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi au mtu yeyote wa ujenzi na ramani: Revit ni Windows tu, ArcGIS Pro ni Windows tu. AutoCAD ipo Mac ila imepunguziwa vitu, ArchiCAD ipo kote kuwili, na QGIS ambayo ni ya bure inakaa Windows, Mac na Linux bila neno. Kwahiyo ukiona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahangaika atafute MacBook kwa ajili ya Revit mwambie taratibu, kuna watu wanaendesha Windows ndani ya Mac kwa kutumia Parallels lakini hiyo ni leseni nyingine, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) nyingine na kero nyingine juu yake.

Watu wa utafiti wana bahati kwenye programu za takwimu. SPSS inakaa Windows na Mac, Stata inakaa zote tatu, na R ni ya bure na haijali uko wapi. Mimi nikimuona mtu anaanza masters leo namshauri ajifunze R hata kama msimamizi wake ni wa SPSS, ila hayo ni maoni yangu usije ukamtajia jina langu.

Muziki na video ndio sehemu Mac inapostahili sifa zake. Logic Pro na Final Cut ni za Apple na hazitoki nje ya Mac. FL Studio ambayo maprodyuza kibao wamekulia humo ilikua ya Windows peke yake mpaka 2018 ndio wakatoa rasmi ya Mac, kwahiyo prodyuza wa FL anaweza kukaa upande wowote. Adobe yote, Premiere na Photoshop na wenzake, ni Windows na Mac, Linux hawaitaki. DaVinci Resolve ina toleo la Linux lakini kaa chonjo, toleo la bure la Linux halisomi video za H.264, yaani video za simu yako na za kamera nyingi, mpaka uzigeuze kwanza au ununue leseni. Mtu asikudanganye "Linux ina Resolve bwana" akaishia hapo.

Wa kukodi, yaani kuandika programu: ukitaka kutengeneza app za iPhone lazima Mac kwa sababu ya Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea app, njia nyingine zote ni za kuzunguka. Vingine vyote, wavuti, Python, PHP, Android Studio, chagua unachotaka, na Linux ina raha yake kwa sababu seva utakayokuja kuikodi nayo ina uwezekano mkubwa ni Linux. Ila Android Studio na RAM ya GB 8 ni mateso, weka 16.

Wa gemu, Windows. Steam, lile duka la gemu, imefanya kazi kubwa sana kwenye Linux na gemu nyingi zinakubali siku hizi, lakini zile za kushindana onlaini zenye mfumo mkali wa kuzuia udanganyifu, mfano Valorant na EA FC, zinagoma.

Na kama kwenye karatasi yako kuna Word, brauza, WhatsApp, YouTube na muvi basi, furahi, wewe mashine yoyote inakutosha, hata Chromebook, na unatakiwa uchague kwa bei, betri na kibodi. Chromebook yenyewe ina tarehe yake ya mwisho wa kupata apdeti ambayo inategemea modeli, itafute kwa jina la modeli kabla hujalipa. Google waliongeza hadi miaka 10 lakini ile miaka inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, haihesabiwi tangu wewe ulipoinunua pale Kariakoo.

Angalia na watu wanaokuzunguka

Hiki watu wanakiruka sana. Wewe hufanyi kazi peke yako, kuna faili linatoka kwako linakwenda kwa mwenzako, linarudi, linakwenda steshenari kuprintiwa. Ofisi nzima ikiwa kwenye Windows na wewe uko na kitu kingine basi kila tatizo litakua la kwako peke yako, hata lile ambalo sio la kwako.

Mfano wa karibu. Umeandika ripoti yako ya kurasa 60 kwenye LibreOffice, ile mbadala ya bure ya Office, umepanga vizuri, jedwali limekaa, yaliyomo yamekaa. Unaipeleka steshenari kwenye flashi ikiwa docx, inafunguliwa na Word, jedwali la ukurasa wa 14 limesukumwa likakatika katikati na namba za kurasa zote zimehama. Hapo sababu kubwa huwa ni fonti. Word ya miaka mingi imekua ikiweka Calibri na Cambria, na Linux haina hizo, inaweka nyingine pembeni. Dawa ipo: instoli fonti zinaitwa Carlito na Caladea ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, na kwa Times New Roman tumia Liberation Serif ambayo nayo inalingana. Halafu faili la kuprinti siku zote litoe kama PDF, docx mpe yule tu anayetakiwa kulihariri. Ukishika hayo LibreOffice haikusumbui, na bonasi yake ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, kwa sisi tunaoandika Kiswahili ile mistari myekundu chini ya kila neno inapungua. Kwenye hili Tanzania sio wageni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, tangu 2004.

Na tukiwa bado steshenari, kile kirusi cha kugeuza mafaili kuwa shotikati. Unarudi nyumbani na flashi, unakuta folda zako zote zimekua shotikati, ukibonyeza ndio umekiingiza kwenye mashine. Kile ni kirusi cha Windows. Ukiichomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux unaona kila kitu kilivyo, shotikati ziko pale zimelala na mafaili yako yako pale, mara nyingi yamehamishiwa kwenye folda isiyo na jina, unayatoa unafuta takataka unaendelea. Ndio maana hata kama wewe ni mtu wa Windows kuwa na flashi moja yenye Linux kwenye droo sio ushamba.

Upande wa mafundi, fundi wa Windows yuko kila kona. Fundi wa Mac yuko lakini mpaka umtafute na spea zake zina bei ya peke yake. Fundi wa Linux ni wewe mwenyewe na Google, kama hilo linakuchosha kulisoma tu basi jibu umeshalipata.

Hela, mtumba na tarehe za kufa

Wengi wetu tunanunua mtumba, zile zinatoka Dubai na Uingereza, na huku ndiko utakapopigwa usipojua kusoma namba.

Windows 10 iliisha kupewa apdeti za bure tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliweka mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, unaupata kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kusawazisha setingi zako au kwa kulipa dola 30. Kwahiyo laptopu ya Windows unayonunua sasa iwe inakubali Windows 11 kihalali, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Muuzaji atakwambia "hii ina Windows 11 tayari boss" na kweli ukiwasha unaikuta, kumbe imeingizwa kwa njia ya panya kwenye prosesa ya kizazi cha 6, na siku moja apdeti kubwa inakataa.

Kusoma ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, angalia mstari wa Processor. Ukiona i5-6300U, namba ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-1135G7 ni cha 11, zile zinazoanza na 1 soma namba mbili. Halafu tena Windows na R, andika tpm.msc, iseme 2.0. Usiamini jina la modeli peke yake. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, haina mjadala, ila 840 G5 na ThinkPad T480 ambazo kila mtu anakwambia ni za kizazi cha 8, ziko chache zilitoka na prosesa za kizazi cha 7, ndio maana nasema soma namba.

Sasa hiyo G3 ya kizazi cha 6 sio takataka. Imeshuka bei kwa sababu ya Windows 11 na ina kibodi nzuri, ina SSD (diski ya kasi), RAM inaongezeka. Wewe kama karatasi yako ni ya brauza na kuandika, ichukue, piga Linux Mint, Mint 22 inapewa apdeti mpaka 2029, na umebaki na hela ya kununua RAM. Hii kwangu ndio ofa bora iliyopo mtaani kwa mwanafunzi asiye na hela, na watu wanaipita wanakimbilia vilaptopu vipya vya plastiki vyenye prosesa dhaifu ya Celeron na GB 4 za RAM kwa sababu tu viko kwenye boksi.

Mac ya mtumba ina hesabu yake. Apple walihamia chipu zao wenyewe Novemba 2020 na M1, na walishasema macOS Tahoe ya 2025 ndio ya mwisho kwa Mac zenye Intel, tena hata hiyo Tahoe ilichagua wachache, MacBook Air ya Intel ya 2020 haikupewa. Zile Air nyembamba za 2015 na 2017 zinazouzwa kwa maneno matamu mwisho wake rasmi ni macOS ya 2021. Kwahiyo ukitaka Mac, anzia M1. Na ukishanunua umenunua, RAM na SSD za M1 zimegandishwa kwenye mazabodi, GB 8 uliyochukua leo ndio GB 8 utakayokua nayo mpaka siku ya kuiuza, wakati T480 unafungua skrubu za chini unaongeza RAM mwenyewe mezani.

Ukifika dukani

Usiangalie mng'ao wa kava. Kaa, omba kiti kabisa, na fanya haya hata muuzaji akinuna.

Betri kwanza. Kwenye Windows fungua cmd andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti na kukwambia ilipo, fungua utafute Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ni uwezo ilipotoka kiwandani, ya pili ni uliobaki. Ukikuta 50,000 juu na 22,000 chini, hiyo betri imebaki chini ya nusu, punguza bei au dai nyingine. Kwenye Mac shikilia Option ubonyeze alama ya tufaha, ingia System Information, Power, soma Cycle Count, MacBook za kisasa zimepangiwa mizunguko 1000. Kwenye Linux andika upower -d.

Pili ni kufuli, na hapa ndipo pesa inapopotea jumla. Mashine nyingi za mtumba zilikua za makampuni. Mac ambayo bado iko kwenye usimamizi wa kampuni inafanya kazi vizuri kabisa dukani, siku unapoiformati ukaunganisha intaneti inakwambia ni mali ya kampuni fulani huko Ulaya, ingia na akaunti ya kazini. Kwahiyo mwambie muuzaji aifute mbele yako na muianzishe upya pamoja ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi, mpaka ufike kwenye desktopu. Akikataa, ondoka. Ukiikuta imeshaanzishwa fungua Terminal andika profiles status -type enrollment, majibu yote yawe No. Na iCloud ya mtu wa kwanza iwe imetoka, Mac kuanzia 2018 zenye chipu ya T2 na za M1 zinafungwa kama iPhone inavyofungwa.

Kwenye HP, Dell na Lenovo ingia BIOS yenyewe, yaani setingi za mashine kabla Windows haijawaka, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikiomba paswedi na muuzaji haijui, rudisha mezani. Ukiingia tafuta kwenye Security neno Absolute au Computrace, ikiwa Active ujue kuna kampuni bado inaweza kuifunga kutoka mbali.

Ya mwisho hapa, bonyeza kila herufi ya kibodi, chomeka flashi kila tundu, washa kamera, na uliza tundu la projekta. MacBook Air ya M1 ina matundu mawili tu ya USB-C na yote upande mmoja, ukienda kufundisha au kanisani unabeba adapta, na ukiisahau hakuna wa kukuazima.

Umeme na bando

Kwenye kukatikakatika kwa umeme MacBook Air ya M1 haina mpinzani kwenye bei yake ya mtumba, Apple wenyewe wanaitaja kwa masaa 15 ya kuperuzi, na hata ukikata kwa uzee wa betri bado inamaliza siku ya kazi, tena haina feni inayokupigia kelele. T480 ina ujanja wake, ina betri mbili, moja ndani moja nje, ya nje unaichomoa unaweka nyingine huku mashine inawaka. Windows nyingine nyingi za mtumba hesabu masaa machache uwe na pa kuchomeka.

Bando sasa. Windows ukiiachia inakula GB kwa apdeti bila kukuuliza. Ukishaunganisha hotspoti ya simu nenda Settings, Network & internet, fungua mali za hiyo Wi-Fi, washa Metered connection. Mac kwenye setingi za hiyo Wi-Fi ipo Low Data Mode. Ubuntu nayo ina alama ya kusema muunganisho huu una kikomo, na kwenye Mint apdeti zinasubiri wewe ubonyeze, hicho nakipenda sana.

Halafu kuna hili halisemwi madukani: wengi tunatumia intaneti ya simu kwa waya wa USB, unachomeka simu, unawasha USB tethering, simu inachaji na bando linaingia. Windows na Linux zinapokea papo hapo. Mac na simu nyingi za Android hazielewani kwa njia hiyo, itabidi utumie hotspoti ya Wi-Fi tu na simu iungue moto. Dada yangu aligundua hilo akiwa na ripoti ya kutuma, alinipigia mpaka nikamwambia dada washa hotspoti maisha yaendelee.

Jaribu kabla ya kuhama

Linux ina faida hii ambayo wenzake hawana, unaionja bila kuiinstoli. Tafuta flashi ya GB 8, daunlodi Linux Mint, faili lake linakaribia GB 3 kwahiyo fanya usiku kwenye bando la usiku au kwa mtu mwenye Wi-Fi. Kwenye Windows fungua Rufus, programu ya bure ya kuandaa flashi ya kuwashia mashine, chagua faili, chagua flashi, bonyeza Start, na kumbuka flashi itafutwa yote. Zima mashine, washa huku unabonyezabonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, chagua flashi. Utaikuta desktopu nzima inafanya kazi kutoka kwenye flashi na Windows yako haijaguswa.

Sasa usiishie kuangalia picha ya nyuma na kusema "iko poa". Unganisha Wi-Fi. Cheza video usikie sauti. Washa blututhi. Funga kifuniko ufungue tena uone kama inaamka. Chomeka printa ya ofisini, HP nyingi zinakubali zenyewe, baadhi ya Canon ndogo za leza mpaka uitafutie draiva. Fungua lile faili lako baya kuliko yote la Excel. Kikigoma kitu hapo, kitagoma na ukiinstoli.

Ya Mac huwezi kuionja hivyo, muombe mwenye nayo uitumie jioni nzima kwa kazi yako halisi, na ya kwake ya kukuonyesha rangi za skrini mwambie umeziona.

Ladha nayo ina haki yake

Kuna watu wanasema ladha ni ushabiki tu, mimi nakataa. Mashine unaishika masaa manane kwa siku, kama kibodi inakukera utaandika kidogo. Ila ujue ladha nyingi ni mazoea ya vidole. Mtu wa Windows akikaa kwenye Mac wiki ya kwanza anaona imetengenezwa na mtu asiyempenda: kopi ni Command na C sio Control na C, kitufe cha kufunga kiko kushoto na ukikibonyeza dirisha linaondoka lakini programu bado ipo mpaka upige Command na Q, ukichagua faili ukabonyeza Enter badala ya kufunguka inataka ulibadilishe jina, na kuhamisha faili hakuna "kata", unakopi kisha unabandika kwa Command, Option na V. Hayo ukiyashika yanaisha kero, nipe wiki mbili tatu. Kisichoisha ni kile ambacho ni tabia ya mfumo. Mac inataka ufanye inavyotaka yenyewe na ukikubali inakutunza. Windows inabeba kila kitu cha kila mtu tangu enzi na ndio maana inachoka. Linux inakuachia kila kitu mikononi, kuna watu wanaona ni uhuru na kuna watu wanaona wametelekezwa, na wote wako sahihi.

Mimi ThinkPad yangu naipenda kwa kibodi, kwa kile kinukta chekundu cha katikati, na kwa sababu apdeti haijawahi kuniwashia duara la kusubiri katikati ya kikao. Lakini nikipokea faili la makro kutoka kwa mhasibu silifungui nyumbani, nalisubirisha mpaka kazini kwenye Windows, na sina kinyongo.

Na suala la Windows ya kukraki, zile za "nitakuwekea na Office bure": ile programu ya kuiaktiveti ndio mlango wa virusi wenyewe. Laptopu za kampuni za mtumba nyingi zina leseni ya Windows ndani ya BIOS, ukiinstoli Windows safi toleo lilelile ikaona intaneti inajiaktiveti. Office kama huna hela tumia LibreOffice au Word ya onlaini ya bure.

Ukishaamua, namna ya kuhama

Nunua au azima hadidiski ya nje, iformati exFAT. Hiyo inasomeka na kuandikika Windows, Mac na Linux. NTFS Mac inaisoma tu haiandiki, na FAT32 inakataa faili lolote linalozidi GB 4 kwa hiyo muvi na video zako zitagoma na utadhani diski ni mbovu. Bookmark na paswedi za brauza zisawazishe kwa akaunti ya Chrome au Firefox kabla.

Kama unataka kuweka Linux pembeni ya Windows kwenye mashine moja, kwanza ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft utafute ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya diski), ule wa tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi. Mashine za Windows 11 nyingi zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, ukigusa setingi za BIOS inaamka inaomba ufunguo huo na bila huo mafaili umeyaaga. Punguza nafasi kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, acha GB 50 au zaidi tupu, ndio uwashe flashi ya Mint uchague kuinstoli pembeni.

Mashine ya zamani usiiuze wala kuiformati mpaka umefungua folda moja moja kwenye mpya na kuona mafaili yanafunguka kweli. Ukiridhika toka kwenye akaunti zote, kwenye Mac zima Find My na utoke iCloud, halafu uifute, la sivyo aliyenunua atakupigia simu usiku anakuomba paswedi.